Njumu Alizokalia Sella

Ukitaka kununua njumu kwa Sella pale Soko la Toi, usiende na haraka na usiende na maringo. Atakuambia vua kiatu. Atakushika mguu kama anakagua mguu wa ng'ombe, atabonyeza kidole kikubwa na kidole chake, na ukisema ile ya bluu ndiyo unapenda, atakuuliza kama unaenda kucheza na rangi. Njumu ni kiatu ya mpira, ile iko na meno chini. Za Sella ni za mtumba kama za wengine, lakini yenye meno imekatika hauzi. Hiyo anaipasua na kisu mbele ya watu, ndio mwingine asiiokote kwa takataka aende kujivunja nayo. Wenye kuuza pamoja naye wanasema huyo mama ni wazimu, anaharibu biashara. Wanasema wakiwa mbali.

Anaishi Kongo, kule Kawangware, peke yake, tangu bwana yake aende na asikumbukwe. Goti lake la kushoto halikunji. Akikaa chini, mguu unakaa mbele yake umenyooka kama wa mtu mwingine, na watoto wa plot anakopanga chumba wamejifunza kuuruka.

Hilo goti liko na mwenyewe, na mwenyewe anaitwa Urbanus. Sella alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, ametoka Butere juzi, anacheza beki katika timu ya wasichana, na hiyo miaka msichana kukimbilia mpira mbele ya watu ilionekana kama kutembea uchi. Siku moja goti likalia kama kuni inavunjwa. Urbanus ndiye alikuwa kochi. Akaitisha maji ya moto, akapaka dawa ya kuchua, watu wawili wakavuta huo mguu, mmoja huku mwingine kule. Halafu akamwambia, "Msichana ana nguvu kama wewe anakaa chini?" Sella akasimama. Alicheza dakika kumi, na baada ya hizo kumi hakucheza tena. Alipenda kusifiwa, huo ndio ukweli, na sifa imeharibu watu wengi kuliko pombe. Lakini yeye alikuwa mtoto. Urbanus alikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Huyo Urbanus bado yuko. Anapita Toi na fimbo yake akitafutia wajukuu viatu. Mara tatu amesema, "Sella, mambo ya zamani tuyaache." Sella anampatia kiatu, anachukua pesa, anaangalia mtu anayefuata. Kwake huyo alishakufa, ni vile tu hajazikwa.

Timu ya wasichana wa Kongo ilimwangukia bila kuitafuta. Walikuja hapo kwa meza yake, wanajifanya wateja wakubwa, wanashikashika viatu na hawanunui. Akawauliza wanacheza na nini. Wakaonyesha miguu. Wengine raba za shule, wengine soksi tatu. Sella akatoa jozi kumi na moja. Akawaambia hizi zitalala kwangu, zitakuja uwanjani na mimi, na zitarudi na mimi. Anayetoka anamvulia anayeingia, pale pale kwa laini. Na masharti ni haya, asiyetaka aende na soksi zake.

Kabla ya mpira, wasichana wote wanasimama bega kwa bega wanatembea kutoka goli mpaka goli, wanaokota chupa, misumari na mifupa. Kila mmoja anaweka ndani ya soksi kipande cha mtungi wa mafuta ya kupika, ule wa njano, kimekatwa kufuata mfupa wa mguu. Halafu kuruka. Hapo Sella anawapa mgongo, anakaa kwa ndoo, anasikiliza. "Magoti yakunje," anasema. "Anguka kama paka. Nikisikia mguu, unarudia." Na anasikia. Anakwambia, "Aluoch, huo ni wa kulia," na hajageuka.

Wanamwita Mathe, yaani mama. Kochi wao ni Ambrose, kijana wa kuchomelea mageti. Mpira anaujua, lakini mdomo wake unaujua zaidi. Yeye anafundisha kufunga, Sella anafundisha kuanguka, na hakuna aliyewahi kupigia mtu makofi kwa kuanguka vizuri.

Katika wale wasichana kulikuwa na Mitchelle, namba tisa, miaka kumi na tano, mguu saizi nane. Jozi ya saizi nane ilikuwa moja tu, yake. Mama yake, Adero, anauza samaki pale stendi ya Kongo, na kila siku ya mechi alikuwa anampatia Sella mfuko wa barafu kutoka kwa sanduku la samaki, wa kuwekea miguu iliyoteguka. Walikuwa marafiki. Adero akimuona Sella anakuja anamuuliza, "Kuku zote mmemaliza huko kwenu Butere, ndio umekuja kwa samaki?" Sella anamjibu kwamba samaki yake imekaa Nairobi muda mrefu kuliko yeye.

Basi Agosti timu ikaingia fainali ya kombe la mitaa. Ilichezwa Kibera, uwanja wa chini ya Makina, na wenyeji wao wasichana wa huko huko. Kulikuwa na mwalimu mmoja amekuja, Immaculate, wa shule ya bweni ya wasichana huko Magharibi. Alikuwa anatafuta mshambuliaji mmoja, asome bure mpaka kidato cha nne. Kila mtu alijua amekuja kuangalia Mitchelle. Adero alifunga biashara, akavaa ile nguo ya harusi za watu.

Kongo walikuwa wamefungwa moja. Zimebaki dakika ishirini, kona ikapigwa, Mitchelle akaruka na beki wa Makina akaruka. Vichwa vikakutana. Sauti ilifika mpaka kwa wachoma mahindi. Yule beki alishika jicho tu. Mitchelle alilala, halafu akaamka anacheka. Refa akamtuma nje aangaliwe. Ambrose akammwagia maji kichwani, akasema, "Yuko sawa, ameamka," akarudi kupigia wengine kelele.

Sella akamkalisha chini, akamwekea barafu.

"Tunacheza na nani?"

"Mathe, wacha bana. Niko fiti."

"Sijauliza kama uko fiti. Tunacheza na nani?"

Mitchelle akaangalia uwanja kama mtu anatafuta choo kwa nyumba ya wageni. "Si ni wale wa Satellite."

Satellite walikuwa wa Jumamosi iliyopita.

"Na ni ngapi ngapi?"

"Si bado hatujaanza."

Sella akaweka barafu kando. Alishika kamba za njumu akazifungua, moja, ya pili. Ambrose alipofika, msichana alikuwa na soksi, na Sella alikuwa ameketi juu ya viatu, mguu mbaya umenyooka mbele yake.

"Mathe, lete hiyo kiatu."

"Hiyo kiatu ni yangu."

"Mwalimu yuko pale anaangalia."

"Basi aniangalie na mimi."

"Kwa mpira kila mtu hugongwa kichwa. Unajua mimi nimegongwa mara ngapi?"

"Inaonekana," Sella akasema.

Wasichana wa benchi wakacheka. Mitchelle akasema atacheza bila viatu. Refa akasema bila viatu haingii. Ndipo Adero akafika, ameshikilia ile nguo isishike vumbi.

"Sella, inuka."

"Sijainuka kwa Ambrose."

"Mimi si Ambrose. Mimi ndio nilizaa huyu. Hiyo shule ni ya mtoto wangu." Akaangalia ule mguu ulionyooka. "Wewe mguu wako uliharibika, sasa unataka kila mtu achechemee?"

Hilo liliingia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Sella akafikiria kuinuka. Je, kama ni kweli? Kama ni lile goti linakalia viatu vya mtoto wa watu? Miaka minne ya shule iko pale kwa laini imeshika kalamu. Akamwangalia Mitchelle. Mtoto alikuwa anatabasamu kwa upande ambao hakuna mtu.

"Ni goti langu, ndiyo," Sella akasema. "Mimi pia nilikuwa na mama. Siku yangu alikuwa Butere analima, hakuna mtu aliniambia kaa chini. Wewe uko hapa, Mama Mitchelle. Uko hapa na unaniambia niinuke. Kama unataka viatu nivute. Vuta huo mguu mbaya ndio utanitoa haraka."

Adero aliinama kweli, akashika kifundo. Akakaa hivyo, watu wanaangalia. Halafu akaachilia, akatema mate kando, akamchukua mtoto wake.

Ndipo Sella akainuka, na Aluoch akaingia na hizo saizi nane, amezijaza soksi. Kongo wakafungwa hiyo moja bila. Mwalimu Immaculate akachukua msichana wa Makina, akaandika jina, akaenda zake.

Jioni hiyo hiyo Adero alimpeleka Mitchelle hospitali, kwa sababu hata yeye alikuwa ameona lile tabasamu. Kesho yake akaja mpaka mlango wa Sella, hakuingia.

"Daktari amesema hakuna kitu. Umesikia? Apumzike wiki tatu, basi. Hakuna kitu."

"Nimeshukuru."

"Umeshukuru nini na shule imeenda?"

"Nimeshukuru hakuna kitu. Nilijua? Sikujua. Hata wewe hukujua, hata huyo mwenye kuchomelea mageti hakujua. Ndio maana nilikaa."

"Hukujua na ukakaa," Adero akasema.

"Na nitakaa tena."

Kongo yote ilimnunia. Pale kwa bomba la maji wanawake wakimuona wanaanza kuongea juu ya watu wenye wivu. Sella akajaza mtungi wake mpaka juu, pole pole, ndio wamalize yote waliyokuwa nayo.

Wiki ya pili Ambrose akaja Toi na wasichana wawili nyuma yake. Akasema timu imeamua, Sella abaki sokoni, viatu vitawekwa na mtu mwingine.

"Timu gani? Hawa wawili wanaangalia chini?" Sella alikuwa anasugua matope kwa njumu, hakuacha. "Viatu vinatembea na mimi. Kama unataka viatu havina mdomo, meza ya pili hapo wanauza."

Wiki ya tatu akarudi peke yake. Wasichana walikuwa wamekataa kufanya mazoezi na raba, na Aluoch ndiye alikuwa ameanza kukataa. Sella akamwambia aandike: nikisema mtu ametoka, ametoka. Ambrose akaandika nyuma ya karatasi ya ratiba ya mechi. Kwa sababu Sella kusoma kwake ni kwa shida, akaibeba mpaka uwanjani akamwambia Aluoch aisome kwa sauti mbele ya wote. Akamwambia asome tena. Ambrose amesimama hapo anakuna shingo.

Jumamosi ya wiki ya nne Mitchelle alikuja uwanjani. Hakusalimia. Alikaa chini mbele ya Sella akanyoosha miguu yake saizi nane. Sella akaweka njumu kwa mapaja yake, mikono juu.

"Fainali tulicheza na nani?"

"Makina."

"Ngapi?"

"Moja bila."

"Nani alitufunga?"

"Wewe," Mitchelle akasema.

Wasichana wengine waliacha kufunga kamba. Sella akamwangalia huyo mtoto machoni muda mrefu, na mtoto hakuyatoa macho.

"Kichwa kimerudi," Sella akasema. "Vaa."

Huko kwa mlingoti wa goli mtu alikuwa ametundika mfuko wa barafu, unadondoka maji, unanuka samaki. Adero alikuwa anaondoka kwa njia ya stendi, amewapa mgongo. Sella hakumwita na Adero hakugeuka. Sella alitoa tu mfuko kwa jua akauweka chini ya ndoo. Halafu akakaa juu ya ndoo, akageukia upande mwingine, akawaambia waruke.

Wote walitua kimya isipokuwa mmoja. Huyo alitua kwa nguvu, kwa makusudi, vumbi likaruka.

"Saizi nane," Sella akasema bila kugeuka. "Rudia."