Mama Kasi na Wakaguzi

Mtaani walimwita Mama Kasi, maana ndiye aliyewauzia intaneti. Alianza na mnara mdogo juu ya paa la nyumba yake, akasambaza mtandao kwa majirani. Wateja walipozidi, kasi ikaanza kuchoka. Badala ya kuongeza mitambo, akaongeza bei, tena bila kuomba kibali cha mamlaka ya mawasiliano kama leseni ilivyomtaka.

Asubuhi moja akapigiwa simu: mkaguzi angefika mchana kupima huduma.

"Wataninyang'anya leseni," alimwambia mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa mitambo.

"Tulia, mke wangu. Nawabana wateja wote kasi kwa muda, laini ya hapa ofisini inabaki inapaa. Anapima, anakunywa soda yake, anaondoka."

Mama Kasi akasema sawa. Kisha akasema hapana. Akajifungia chooni, akanawa uso, akatoka. Mumewe alikuwa mbele ya kompyuta, anasubiri neno lake tu.

"Bana," akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Mkaguzi alikuwa dada mpole, na upole wake ndio uliozidi kumtia hofu. Alichomeka kifaa chake, akaangalia namba zikipanda.

"Nzuri sana," akasema. "Ila kwa wateja hali si hii. Wiki nzima tumekuwa tukipima kwao."

"Kwa wateja gani?" Mama Kasi akauliza.

"Waliolalamika. Mwenzangu yuko kwa mmoja wao sasa hivi. Anasema mtandao umekata kabisa."

Akampigia mwenzake, akaweka spika. Ikasikika sauti ya bibi mmoja, kali, isiyo na mchezo.

"Kila Jumapili namwona mjukuu wangu kwenye simu ameganda, mdomo wazi kama samaki! Nikilalamika, naambiwa zima, washa. Nizime niwashe mpaka lini?"

Mume akaacha kipanya. "Mama?" akasema.

Alikuwa mama yake mzazi.

Mama Kasi akakaa chini. "Dada, tumewabana wateja makusudi," akasema. "Wafungulie," akamwambia mumewe. "Wafungulie wote."

Zikafuata wiki za kutolala vizuri. Kila simu ya namba ngeni alidhani ni ya mamlaka. Hatimaye akaitwa, akasomewa uamuzi: faini kwa kupandisha bei kinyemela, faini nyingine kwa huduma iliyo chini ya alichoahidi, na kila mteja arudishiwe alichozidishiwa. Kuchezea vipimo kungemfutia leseni. Kwa kuwa alisema mwenyewe, aliachiwa, lakini chini ya uangalizi. Akikosea tena, anafunga.

Gari likauzwa, mitambo ikaongezwa. Akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kwa mama mkwe alikwenda mwisho kabisa.

"Umenishtaki, mama," akasema mlangoni.

"Nilimshtaki mwenye kampuni. Wewe ni mwanangu. Ingia ule."

Akaingia, akanawa mikono. Lakini simu aliiweka karibu na sahani. Wakaguzi walikuwa wamesema watarudi kupima tena, na safari hii hawakusema lini.