Ndoo Mbili Kwenye Foleni

Fundi bomba huyu msiharakishe kumwonea huruma. Mabomba ya mtaa mzima aliyajua. Asiyemjua ni mama yake mzazi.

Mama alikuwa akichota maji bomba la mtaani kila asubuhi, na kidumu chake cha lita tano. Mwana akaona haya. "Mama wa fundi bomba apange foleni? Watu watanicheka!" Akachimba mtaro siku mbili, akalaza bomba hadi jikoni, akafunga koki inayong'aa. Mama akashukuru. Fundi akatembea kifua mbele, miezi minne hiyo.

Jumamosi moja mama akapiga simu: "Mwanangu, koki yako imekufa."

Fundi akaja na mkoba wake. Kweli, hata tone. Akapima huku, akapima kule, mwisho akainama chini ya sinki. Valvu ilikuwa imefungwa kwa mkono wa mtu.

"Mama, nani kafunga hii?"

"Mimi." Kashavaa viatu, kidumu mkononi. "Mwenye maji ndani aende bombani kutafuta nini, kama si umbea? Sasa nina sababu. Koki mbovu, na fundi wamemwona anaingia." Akacheka mpaka machozi. "Ulinipa maji, mwanangu, ukaninyima foleni. Twende. Leo Bi Kelele atanisema, we acha tu!"

Bi Kelele, shoga wa mama kwa miaka thelathini, alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Fundi aliambiwa akiwa kazini ampe mama taarifa, akasema jioni nitampigia mama. Jioni ikawa kesho, kesho ikawa kazi nyingine, akasahau. Eti akasahau! Msiba mzima ukapita, mama yuko jikoni na koki yake.

"Mama, Bi Kelele hatunaye. Wiki ya tatu sasa. Niliambiwa, nikasahau kukwambia. Nisamehe."

Mama akakaa kwenye kigoda. "Ulisahau," akasema. "Wamemzika bila mimi." Kisha akainuka, akatoka. Fundi akamfuata nyuma kama mtoto aliyevunja sahani.

Bombani wanawake wakageuka. Muuza mkaa akamkumbatia mama. "Tulidhani umeringa, dada, tangu upate maji ya ndani, hata msibani hukuja. Marehemu ndiye aliyekataa katakata. Kila siku alipanga ndoo mbili, yake na yako. Tukimcheka anasema, 'Koki ya fundi gani haiharibiki? Shoga yangu atarudi.'"

Wengine wakacheka kidogo, wakafuta macho. Fundi alitamani ardhi ipasuke.

"Mama, nipe nikubebee," akasema, akinyoosha mkono.

Mama akakivuta kidumu, akaenda kukiweka mwisho wa foleni, akasimama nyuma yake.

"Wewe nenda kazini kwako," akamwambia bila kumtazama. "Usije ukaisahau na hiyo."