Mzee Ombati Aliomba Azikwe Houston

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, joto la Houston limezidi mpaka lami inanata kwenye soli za viatu, nikikimbilia kituo cha basi pale Hillcroft, Mzee Ombati akanishika mkono. Mwanangu, wewe umekulia Katy, nje ya jiji, kwenye nyasi zilizokatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi, hukumjua mzee huyo. Alikuwa Mkisii aliyekuja Texas zamani kusomea uhandisi wa mafuta. Akaajiriwa, akavaa tai, kisha bei ya mafuta ikaanguka naye akafutwa kazi. Wenzake walihama. Yeye alibaki mtaani kwetu Gulfton, kwenye chumba kile kile cha kupanga, mpaka mvi zikamwota. Hakuwa na mke wala mtoto.

"Wewe kijana, unakimbia wapi?" aliniuliza.

"Kazini, Mzee. Niko late."

"Hata kesho utakuwa late. Kuja nikuonyeshe kitu."

Akanitembeza. Hapa, alisema, palikuwa malisho ya ng'ombe kabla ya nyumba kujengwa. Pale, penye udongo ambapo akina mama walikuwa wamepanda sukuma wiki, palikuwa bwawa la kuogelea, na vijana wa kampuni za mafuta walicheza muziki kando yake hadi majogoo. Bei ya mafuta ilipoanguka vijana wale wakatoweka, mabwawa yakafukiwa, wakaingia watu wa El Salvador, halafu sisi. Alinionyesha hata reli iliyopita nyuma ya mtaa, akanieleza ilivyokuwa ikitikisa vikombe kabatini mwake. Mimi nilikuwa natazama saa. Vijana wote wa siku zile tulikuwa hivyo: mabegi hatukuyafungua yote, kwa kuwa kila mmoja alijua mwaka ujao yuko Nairobi.

Nikamwambia mimi mpita njia tu, historia ya hapa ina wenyewe. Lo, alinikaripia!

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe una mwaka wa tatu hapa. Jembe lako liko wapi?"

Kisha akapoa, akasema polepole, "Mimi nikifa, nizikwe hapa hapa Houston. Kisii nitazikwa na watu hawanijui. Umesikia? Waambie."

Nilisikia. Na alipofariki, niliwaambia.

Desturi yetu Wakenya wa huku unaijua. Mtu akifa tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, chai inapikwa, tunaomba, tunachanga, mwili unapelekwa nyumbani. Ni desturi njema, siitukani, na imewafuta wengi machozi. Nilisimama sebuleni kwa Mama Kemunto, aliyekuwa mwenyekiti wetu, nikasema kile Mzee alichoniomba. Watu waliweka vikombe chini kana kwamba nimetukana.

"Aki wewe, Mzee wetu aseme hivyo? Huyo alikuwa mgonjwa," akasema Mama Kemunto. "Sisi hatuachi mtu wetu kwa watu. Tutam-ship nyumbani."

Mwingine akaongeza kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na wote wakaitikia. Nikarudia ombi la Mzee mara ya pili. Nikaambiwa mtoto hapangi matanga, nikakaa. Na kwa vile sikuwa na familia ya kunishika, nikachaguliwa mimi kuusindikiza mwili.

Ee mwanangu, safari ile! Huko Kisii, shamba la baba yake Mzee nililikuta wapwa zake wamelijaza vyumba vya kupangisha mpaka kwenye ua. Kaburi lilichimbwa kati ya ua na choo cha wapangaji. Pasta akauliza nani atatusimulia maisha ya marehemu, kila mmoja akamsukumia mwenzake. Nikasimama mimi, Mtaita, mgeni wao, nikaanza kuwaeleza habari za Gulfton, bwawa lililofukiwa, reli na vikombe. Kijana mmoja akauliza kama Gulfton ni gereza. Mvua ikaanza, watu wakakimbilia hema la chakula, na mimi maneno yangu nikayamalizia mbele ya jeneza. Nililia sana siku ile. Kifo chake nilikuwa nimekwisha kukikubali, lakini upweke ule ulinishinda.

Nikarudi Houston. Haukupita muda nyumba zile za Gulfton zikavunjwa, pakajengwa maghala ya kuhifadhia vitu. Ng'ambo ya barabara siku hizi wanakaa Wakongo na Warundi, watu wema. Niliwahi kumuuliza mama mmoja kama amewahi kusikia jina la Ombati.

"Ombati? Hapana, Papa. Siye tulifika juzi tu," akanijibu.

Angemjuaje? Mzee hana jiwe hapa, na kule hana mtu. Majuto ni mjukuu, lakini hata mjukuu hakuachiwa.

Mwezi uliopita nilikupeleka ukaone. Hukushuka kwenye gari. "Dad, there's nothing here," ulisema, eti hapana kitu hapa, na ulisema kweli, na ukweli huo umeninyima usingizi.

Basi shika hili. Usikae katika nchi yoyote kama mtu anayesubiri basi. Mahali panapokulisha, jua palikuwa nini kabla yako, na uwaonyeshe wanao wangali wadogo wa kushikwa mkono. Mzee akikutajia mahali anapotaka kulala akifa, usilibebe neno hilo peke yako. Waite watu wamsikie akiwa hai, kwa maana neno la kijana mmoja haliwezi kushindana na desturi.

Na mimi, je? Taita ndugu zangu wamekwisha, na hapa sijapanda hata mchicha. Nizikwe wapi, sijui, na wewe hujawahi kuniuliza. Niulize, mwanangu. Niulize hata kwa Kiingereza.

Mungu akujalie nchi itakayokuita kwa jina ungali hai, na udongo utakaokupokea kama mtoto wake utakapochoka. Amina.