Sentensi ya Kupimia Meno

Yeyote aliyetengenezewa meno ya bandia na Fundi Taya amewahi kukaa kwenye kile kiti cha dirishani na kuhesabu kuanzia sitini mpaka sitini na tisa. Si mchezo. Meno yakiwa bado yamepangwa kwenye nta, kabla hayajapikwa yakawa magumu, fundi lazima asikie mdomo ukitamka "sitini na sita". Yakikaa mbele mno, hewa inatoka kama filimbi. Yakiwa marefu kupita kiasi, ya juu na ya chini yanagongana kwa kila neno, na mwenyewe anasikika kama mtu anayetembea na kandambili ukumbini. Watu wanaosubiri kwa daktari wa meno, upande wa pili wa ukuta, wamezoea kusikia wazee wakihesabu humo ndani. Wageni hudhani kuna mnada.

Chumba cha Taya ni cha nyuma: meza ndefu, taa yenye shingo, jiko dogo la kuyeyushia nta, na vumbi jeupe la plasta ambalo halitoki hata pafagiliwe vipi. Ukutani kuna rafu za vinywa, yaani sanamu za plasta za fizi na meno ya watu, juu na chini, zimefungwa kwa mpira zisiachane. Taya husahau sura, lakini akishika kinywa anajua kama ni cha yule mama wa benki au cha yule dereva anayetafuna kalamu. Rafu ya chini, nyuma ya makopo, kuna kinywa kimoja kisicho cha mteja. Ni cha kwake mwenyewe, na kilifika pale kwa sababu ya kaka yake.

Kaka huyo ndiye mzaliwa wa kwanza na ndiye msemaji wa familia. Harusi, msiba, kuaga mstaafu, kipaza sauti kinamfuata alipo. Ana sauti nene, ya upole, inayomfanya hata mwenye kesi naye amkubalie kwanza ndipo afikiri.

Mama yao alipolazwa, mama na Taya walikuwa wametoka kukwaruzana. Taya alitaka mama ahamie kwake, mama akakataa kuacha nyumba yake, maneno yakapanda, wakaachana wamenuniana. Siku Taya alipojiandaa kwenda wodini, kaka alimfuata mpaka kazini, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Mama amesema hataki kukuona," alisema. "Ukienda utampandisha presha bure. Mwache apumzike, mdogo wangu."

Taya akaweka chini mfuko wa machungwa. Hakwenda siku hiyo, wala zilizofuata, mpaka mama akafariki. Msibani alisimama nyuma ya watu. Dada yao mkubwa alimpita kama anavyopita nguzo ya umeme, na tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga nyumbani kwake.

Miaka ikapita. Kisha mchana mmoja mama mdogo, yule aliyemuuguza mama mpaka mwisho, alikuja kumtembelea, akakaa jikoni akimenya vitunguu. Machozi yalipomtoka, Taya alidhani ni ya vitunguu. Mama mdogo alisema hawezi kufa na jambo lile tumboni. Mama hakuwahi kumkataa. Alimwita mpaka sauti ikakatika, na kila alipouliza, kaka alimjibu kwamba mdogo wake hataki kuja, amesema ana kazi nyingi. Dada naye aliambiwa hivyo hivyo. Kwa nini? Mama mdogo hakujua kwa hakika. Alidhani kaka alitaka tu awe mtoto wa pekee kwenye kile kitanda.

"Lakini usinitaje, mwanangu," alimaliza. "Naishi kwa kaka yako. Nikitoka pale naenda wapi?"

Kwa hiyo Taya alijua, na hakuweza kusema. Akafunga mdomo, akaendelea kupanga meno ya watu.

Haukupita muda, kichwa kikaanza kumgonga asubuhi, na jino moja la nyuma likapasuka bila kutafuna chochote kigumu. Daktari wa meno, ambaye wamefanya kazi naye ukuta kwa ukuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alimkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akachukua kipimo cha kinywa chake na kumkabidhi akimiminie plasta mwenyewe. Ilipokauka, Taya alikigeuza mkononi. Magego yalikuwa bapa kama vigae.

Daktari alimkumbusha anachowaambia wateja kila siku, kwamba meno ya juu na ya chini hukutana wakati wa kula tu, na muda mwingine wote huachana kidogo, taya likining'inia. Ya kwake yalikuwa yameumana kutwa kucha. "Unamsaga nani, Fundi?" aliuliza. Akamwandikia dawa ya maumivu, akamwambia aende pia kwa Mkunga.

Mkunga ni mstaafu wa wodi ya wazazi. Kila Jumamosi asubuhi anafungua darasa la chekechea lisilotumika, watu wanakaa kwenye mikeka chini ya picha za herufi, wanafumba macho na kutafakari. Mafundisho yake ni machache. Fuata pumzi. Legeza mabega, legeza taya. Linalokuja akilini usilifukuze, lipe nafasi likae, ulitazame usoni. Mwisho wa kikao kila mmoja anasema kwa kifupi amekuta nini ndani yake. Mwanamke wa duka la vitambaa aliwahi kukuta kwamba hampendi mbwa wake. Wengi hukuta uchovu.

Taya alikuta kaka yake. Kila alipofumba macho, kaka alikuwa pale mlangoni, bila kukaa, na lile neno lake la upole. Alipoambiwa asimfukuze, hakumfukuza. Alimtazama, na kadiri pumzi ilivyotulia ndivyo picha ilivyozidi kuwa wazi: kaka akiumwa, kaka akiaibika, kaka akiita mtu na mtu haji. Mkunga alipomfikia, Taya alisema, "Amani." Hakuwa akidanganya sana. Alikuwa akijifunza kusubiri.

Hakusubiri sana. Kaka aling'olewa meno yaliyobaki kwa daktari yule yule, fizi zikapona, na asubuhi moja akaingia chumba cha nyuma akiwa amefunika mdomo kwa kitambaa, mashavu yameingia ndani, ameongezeka uzee wa ghafla.

"Mdogo wangu," alisema, herufi zikimteleza, "nimebahatika kuwa na fundi ndani ya familia."

"Karibu, kaka. Kaa."

Taya hakuharibu kazi ovyo. Alichagua rangi kwa makini, akapanga meno ya mbele yakipishana kidogo, kama ya mtu wa umri ule, na kaka alipojitazama kwenye kioo alicheka kwa furaha. Kosa lilikuwa moja, na liliwekwa kwa ustadi: meno yalikuwa marefu kupita kiasi, unene wa ukucha tu. Unene huo unatosha. Mwenye kuyavaa hana nafasi ya kupumzisha mdomo. Misuli inachoka kufikia adhuhuri, na meno yanagongana. Kaka alipohesabu sitini na sita yaligonga, na Taya akamwambia kwa sauti ya upole, sauti aliyoazima kwake, kwamba atazoea. Daktari aliangalia rangi na fizi, akamwamini fundi wake kama siku zote.

Majaribio yenyewe yalikuja kwenye sherehe ya kumuaga jirani aliyestaafu. Kaka alipewa kipaza sauti. Sentensi ya kwanza ilitoka na mlio wake, ya pili ikazidi, kwa sababu kipaza sauti hakibagui. Watoto waliokaa nyuma waliokota vizibo vya soda wakawa wanavigonganisha kumfuatiza. Kaka alifupisha hotuba, akasahau jina la mstaafu, akakaa na kitambaa mdomoni.

Taya alikuwa meza ya pembeni, glasi mkononi, akitazama jambo alilolitazama mara nyingi akiwa amefumba macho. Dada yao alipita nyuma ya kiti chake, akasimama. Tangu msibani hakuwa amemsemesha.

"Ndiyo kazi yako hiyo?" alisema. "Hata meno ya kaka yako umeshindwa?"

Akaenda zake.

Jumamosi Taya alikaa mkekani akaitafuta ile furaha. Aliipa nafasi ikae, haikuja. Alichokikuta ni meno yake mwenyewe, yameumana vile vile. Mkunga alipofika kwenye zamu yake, alifungua mdomo kusema amani, akashindwa.

"Nimekuta mtu wa visasi," alisema. "Si mawazo yake. Ni yeye mzima. Ni mimi."

Wenzake waligeuka. Yule wa duka la vitambaa alisogeza mkeka. Mkunga hakushtuka. Amezalisha watu wa kila aina.

"Basi umemkuta," alisema. "Wengine wanamtafuta mpaka wanakufa. Sasa muulize anataka nini hasa. Mtu mwenye hasira huchukua kilicho karibu, halafu anasema ndicho alichokuwa akikitaka."

Watu walikunja mikeka, Taya akabaki. Aliuliza alivyoelekezwa, na jibu la kwanza lilikuwa maumivu ya kaka. Akalitazama usoni, akaona limeshapatikana na halijamtosha. Akauliza tena. Lililofuata lilikuwa gumu zaidi kulitazama: kwamba ameizoea ile hasira, anaikalia kama kiti, na angeogopa kusimama. Chini yake kulikuwa na kitu kidogo, kikavu kama kidonge. Alitaka lisemwe. Kwamba mama alimwita. Lisemwe kwa sauti, na dada akiwa anasikia, na mdomo ule ule uliodanganya. Kwa unene wa ukucha alikuwa ameufunga mdomo pekee ulioweza kulisema.

Akafungua macho. Hakuwa amesamehe, na hakujidai kuwa amesamehe. Alikuwa ameijua kazi tu.

Kaka alirudi wiki ile ile, meno kwenye kitambaa. Binti yake alikuwa anaolewa na baba mtu ndiye mzungumzaji. "Nirekebishie. Siwezi kumwaibisha mtoto."

Taya alimwambia atapanga upya kila kitu kwenye nta, na siku ya kujaribu aje na watu waliozoea sauti yake, wakae pale pale chumbani wasikilize. Dada na mama mdogo wangefaa. Ombi la kawaida kabisa, mafundi wengi huliomba.

Akayapanga vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Alishusha urefu, akasogeza, akakwangua, akajaribu kwenye kile chuma chenye bawaba kinachofunga na kufungua kama taya, mpaka alipoweza kupitisha karatasi pale inapopaswa kupita na ikagoma pale inapopaswa kugoma.

Siku ilipofika, dada alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kulipia umeme. Mama mdogo alikaa chini ya rafu za vinywa. Taya alivaa miwani, meno, bado kwenye nta, yakiwa kiganjani mwake.

"Wengine huhesabu sitini na sita," alimwambia kaka. "Wewe ni msemaji, nitakupa sentensi. Nataka nisikie S zake. Useme hivi: Mama alisema aitwe, mimi nikasema hataki kuja."

Nta ilikuwa ikiyeyuka kwenye jiko. Kaka alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama mama mdogo, ambaye alikuwa akisoma viatu vyake.

"Nani amekuambia?" aliuliza, mdomo mtupu ukibonyea.

"Hilo silipimi leo."

"Sentensi gani hiyo?" dada aliuliza. "Nani aitwe?"

Taya alisubiri. Alikuwa amejifunza kusubiri, na mtu akisubiri kweli wenzake huanza kusikia saa ya ukutani. Kaka alisema anaweza kwenda kwa fundi mwingine. Taya akakubali kwamba wapo, wazuri, ila kwa harusi hii hawatawahi. Kaka akasema, "Unanifanyia haya kwa ajili ya meno?"

"Meno ni yako, yamepangwa. Mimi nataka mdomo."

Kaka akafumba macho kidogo. Kisha akafungua kinywa kama mtoto, na Taya akamwekea meno kwa uangalifu ule ule anaompa kila mteja, ya chini kwanza, akabonyeza kwa vidole viwili mpaka yakashika. Mashavu yakajaa. Sura ya msemaji ikarudi.

"Mama alisema aitwe," kaka alisema. Akameza mate. "Mimi nikasema hataki kuja."

Halikugonga neno hata moja. Kila S ilitoka safi, kama kitambaa kikikatwa. Dada alisimama, mkoba ukaanguka, kalamu na funguo zikatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuziokota. Alikuwa akimtazama Taya, kwa mara ya kwanza tangu msibani, kama mtu anayetazama mtu.

Taya hakumtazama bado. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama afanyavyo anaposikiliza kazi. Alihisi ulimi wake umelala, na meno yake ya juu na ya chini yameachana.

"Rudia," alimwambia kaka. "Nasikia kama kuna filimbi."

Filimbi haikuwepo. Kaka alijua, dada alijua, mama mdogo alijua.

Kaka akarudia.

"Tena," Taya alisema. "Polepole. Utaisema hivyo hivyo harusini, ndugu wote wakiwepo, au hizi nta nizirudishe jikoni ziyeyuke?"