Valvu ya Mlimani

Watu hudhani fundi wa mitambo ya simu anashinda akiongeza nguvu. Miaka yangu yote katika chumba cha mitambo, ghorofa ya juu kule Mnazi Mmoja, nilishinda nikijizuia. Ukirusha mawimbi kwa nguvu ndogo, upande wa pili wanasikia kama mchanga unachekechwa. Ukizidisha, sauti inakwaruza, na valvu ya kurushia, kile kifaa kinachoyapa mawimbi nguvu, inaungua kabla ya siku zake. Na miaka ile valvu haikuwa kitu cha kuchezea. Fedha za kigeni hakuna. Tuliambiwa tujitegemee, nasi tukajitegemea kwa kubembeleza kilichopo.

Mwenzangu alikaa kituo cha mlimani, ambako sahani yake ya kunasia mawimbi ilitazamana na yetu. Uso wake sikuwahi kuuona, lakini sauti yake naijua kuliko za shemeji zangu. Kila asubuhi tulipatana kiasi kwa simu ya mafundi, iliyopita kwenye mawimbi hayohayo: namwambia ninavyompata, naye ananiambia anavyonipata, maana kazi ile hakuna anayejisikia mwenyewe. Valvu yake ilikuwa imechakaa. Aliishusha nguvu, akaiacha hapo.

"Dada, hii ikifa mkoa mzima bubu," aliniambia. "Siipandishi hata aje waziri."

Mkaidi huyo! Nilimpenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Masika hayo mama yake, mkazi wa Magomeni, akaugua, na hospitali wakampangia kupasuliwa kesho yake. Barabara ya mlimani ilikatika kwa mvua, mwana hawezi kushuka. Sasa, sisi tulikuwa na desturi yetu isiyoandikwa popote: jamaa wa watu wa mlimani tunawapandisha chumbani, wanatumia simu ya mafundi. Basi mama akaja mchana, kajitanda kanga yake, akapanda ngazi zote zile. Alifika anatweta. Nikampa kiti.

"Nimekuja kumpa radhi zangu, mwanangu," aliniambia. "Na nijue kazipokea. Nisipojua, mimi sikubali kupasuliwa."

Mwana aliwahi kusema, "Mama!" tu, mvua ikamwagika. Mvua nzito hula mawimbi. Yetu yalikuwa na nguvu ya kuliwa na bado yakafika. Yake hayakuwa nayo. Mama hakujua, akaendelea. Alimsamehe ya utotoni na ya ukubwani, akamwombea mke mwema, akamwambia radhi zake zote ziko naye. Kisha akanyamaza asikilize. Mvumo mtupu.

"Kakata?"

"Hajakata, mama. Anakusikia."

"Wewe umejuaje?"

Nikashika simu, nikapiga kelele ambazo hazikuwa na haja: "Ndugu, hatukusikii huku! Pandisha nguvu hata kidogo, huyu ni mama yako!"

Nikatazama mita inayoonyesha tunavyompokea. Angepandisha, mshale ungepanda. Haukupanda. Nilikasirika, nikasema moyoni kwamba mtu huyu anapenda chuma kuliko aliyemzaa. Mama alikwishaanza kujifunga kanga aondoke.

Mara mshale ukashuka. Ulishuka taratibu, ukatulia chini kidogo, ukarudi palepale ulipokuwa. Ukashuka tena, vilevile, ukarudi. Mvua haifanyi hivyo. Ule ulikuwa mkono wa mtu kwenye kifundo cha kupandishia na kushushia nguvu. Kupandisha hakuthubutu, kwa ajili ya mkoa mzima. Kupunguza hakuidhuru valvu, basi alikuwa anapunguza. Machozi yalinitoka, nami si mtu wa kulia ovyo.

Nikamshika mama mkono, nikamsogeza kwenye mita.

"Ni yeye, mama. Sauti yake haifiki, lakini mshale huu anaushusha yeye. Kasikia yote. Tazama, anakuinamia."

Mshale ukashuka tena mbele ya macho yake. Mama akaweka kiganja juu ya kioo, kama anagusa kichwa cha mtoto.

"Marahaba, baba," akasema. "Marahaba."