Behewa la Sita

Jumamosi moja ya Novemba 2009, mvua nyembamba, ile isiyolowesha wala kukoma. Nilikuwa na hasira juu ya viatu vyangu vilivyovuja, lakini niliyemgombeza ni Papa, baba yangu. Acha niliandike hilo kwanza.

Alikuwa na wiki tatu hapa Brussels. Tulimzika Maman kule Lubumbashi, kisha nikamleta kwangu karibu kwa nguvu. Tangu afike, chai na mkate, basi. Ukimwekea sahani anasema ameshiba. Niliogopa nitamzika naye, tena ugenini, kwa kosa langu.

Tulitoka sokoni na mboga za lengalenga. Kwenye daraja la Schaerbeek, juu ya yadi wanapopanga mabehewa ya mizigo, alisimama.

«Papa, baridi!»

«Nyamaza kwanza.»

Treni ya mizigo ilikuwa inaingia polepole. Kwetu, kazi ya Papa ya maisha ilikuwa hiyo: kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza yanavyolia.

«Ile ya sita iko mugonjwa. Gurudumu imelika upande moja.»

«Mimi sisikii kitu.»

«Miaka sita ya shule, na masikio hauna!»

Alicheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka.

«Bon, shuka umwambie yule.»

Yule alikuwa mfanyakazi, Mbelgiji wa koti la rangi ya chungwa, kando ya uzio. Niliona haya. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. Alitabasamu, nilidhani anatudharau, na pengine nilimwonea. Aliuliza kama mzee aliwahi kuwa wa reli. Nikasema ndiyo. Treni iliposimama alihesabu hadi la sita, akachuchumaa, akakaa hivyo kitambo. Halafu akatoa chaki mfukoni, akachora alama kubwa ubavuni mwa behewa, akamwinulia Papa mkono.

Mimi sijui magurudumu. Labda lilikuwa limelika kweli, labda alimhurumia mzee aliyesimama mvuani. Sikumuuliza, na Papa hakuona sababu ya kuuliza.

«Chaki,» alisema tukitembea. «Hata huku wanatumia chaki.»

Jioni nilipika bukari, ugali wa kwetu, na lengalenga na samaki wa kukausha. Sikumwambia ale. Alinawa mwenyewe, akamaliza tonge la kwanza, akasema pilipili haitoshi. Nilimwongezea, na bukari pia, mara mbili.