Siku Mama Mkwe Alipohifadhi Mbasa

Mimi natoka Igowole, kule Mufindi, na baridi ya kwetu usisimuliwe ukiwa umevaa shati jepesi. Asubuhi ukimwambia jirani "kamwene", salamu inaganda hewani, yeye anaisikia saa sita jua likishaiyeyusha. Sasa mtu wa huko, ambaye samaki pekee aliyemjua ni dagaa mkavu kama msumari, anakuja kufanywa kiongozi wa samaki wa nchi mbili! Mpaka leo nikikumbuka nashika kichwa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimehamia Mbeya kutafuta maisha, nimepanga chumba Ilomba, kazi yangu kufyeka majani kwenye shamba la utafiti pale Uyole. Sokoni Uyole ndipo nilipompata mke wangu. Alikuwa anapanda na malori kutoka Kyela na tenga la samaki waliobanikwa kwa moshi, anasimama juu ya kreti, anapaza sauti: "Samaki waliohifadhiwa! Hawaozi, hawanuki, hawana funza!" Sauti ile ilikuwa inafika Chimala na kurudi. Mimi nikasogea kununua mkia, nikaondoka na mchumba. Sasa lishike hilo neno, kuhifadhi, maana ndilo lililotaka kuniua.

Kwao mke wangu si Kyela yenyewe. Ni ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Huku wanaitwa Wanyakyusa, kule Wangonde, lakini wanasikilizana vizuri kabisa, mtu akipiga chafya huku anaambiwa pole kule. Ila wakubwa wa nchi zile mbili miaka hiyo walikuwa wamenuniana kwa ajili ya ziwa. Kila mmoja anasema maji ni yangu. Samaki wenyewe hakuna aliyewauliza.

Siku moja nafyeka, akaja Bwana Samaki. Ndivyo tulivyomwita afisa wa uvuvi, kama vile yule wa mazao tulivyomwita Bwana Shamba. Akasimama mbele yangu, kofia kichwani, soksi hadi magotini.

"Wewe ndiye Mhehe uliyeoa ng'ambo?"

Panga likanidondoka. "Mzee, mahari nilishamaliza."

"Sikuulizi mahari! Natafuta mtu ambaye akivuka ule mto hakamatwi."

Akanieleza. Kuna samaki anaitwa mbasa, anaishi ziwani, ila mvua zikianza anapanda mito na vijito kwenda kutaga mayai kwenye changarawe. Watu wa huku na wa kule wanaziba vijito kwa wigo wa mianzi na kutega migono, ile mitego ya kusuka, mbasa anakamatwa tumbo limejaa mayai. Wakiendelea hivyo, kitabaki jina tu.

"Ofisi ya huku na ofisi ya kule hazisalimiani," akasema. "Lakini mtu na wakwe zake nani atamzuia? Wewe utaongoza mradi wa kuhifadhi samaki, pande zote mbili."

"Mzee, mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na mbuzi."

"Samaki nao hawajasoma. Twende."

Basi nikashuka Kyela. Joto la kule, bwana wee! Kuku wanataga mayai yaliyokwisha kuchemka. Mbu wakubwa mpaka wanabisha hodi. Nikapita kijiji kwa kijiji upande wetu, nafanya vituko, watu wanacheka, na wakicheka wanakubali. Kila wigo ukang'olewa. Ila walinipa sharti, tena waziwazi: "Sisi tumetoa. Lakini tukiona wa ng'ambo wanaendelea kula mbasa, siku hiyohiyo tunarudisha. Hatuwezi kufunga midomo wenzetu wanatafuna."

Sharti hilo ndilo lililoninyima usingizi. Maana ng'ambo, mkabala kabisa na kijiji kimoja cha upande wetu, kulikuwa na kijito kinachoingia Songwe, na mbasa walikipenda kile kijito kama walevi wa kwetu wanavyopenda ulanzi. Wigo wa pale ulikuwa wa kinamama wabanika samaki. Na mkubwa wa wale kinamama alikuwa nani? Mama yake mke wangu.

Sasa wewe huwajui wale watu. Mkwe na mama mkwe hawaonani, hawasemeshani. Akija njiani wewe unaingia porini, hata kama porini kuna chui, utaelewana na chui. Nilikuwa nimeoa miaka na miaka, nimeshazaa, na uso wa mama mkwe siujui! Nilikuwa namjua kwa kikohozi. Kikohozi kinene, cha heshima, kama lori linawashwa kwenye mlima.

Nikavuka na mke wangu kwa mtumbwi wa kaka yake, shemeji yangu, mtu wa maneno kuliko mimi. Mama mkwe akakaa ndani ya nyumba. Mimi nikakaa nje kwenye baraza, mgongo nimeupa mlango. Mke wangu akasimama katikati, anachukua maneno yangu ya Kiswahili na kuyaingiza ndani kwa lugha yao.

Nilikuwa nimelipenda lile neno la Bwana Samaki kama mtu aliyepewa koti jipya. Nikakohoa kidogo, nikasema: "Mwambie mama, namwomba kwa heshima, msimu huu mbasa wote wanaoingia kijitoni wahifadhiwe. Asipotee hata mmoja. Wakubwa wa mkoa watakuja kuangalia."

Mke wangu akaingia. Nikasikia maneno, maneno, halafu kikohozi. Akatoka anatabasamu.

"Mama anasema amesikia. Anasema mkwe wake hajawahi kumwomba kitu, na hiki atakifanya mpaka watu washangae."

Nikavuka kurudi naimba. Shemeji akaniambia, "Shemeji, umekuwa mkubwa. Hata mamba leo wamekupisha." Na kweli niliona mamba mmoja amefunga mdomo kwa adabu.

Mvua zikaja. Mto ukajaa, ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Bwana Samaki akaleta wakubwa wa mkoa, wameshika miamvuli, viatu vimekwisha zama kwenye tope. Watu wa kijiji wote wakaja ukingoni, maana nao walitaka kuona kama ng'ambo wametimiza. Nikatangulia mbele, kifua nimekitoa, natembea kama jogoo aliyenunua banda.

Tukatokea ukingoni. Nikainua mkono kuonyesha kijito.

Moshi.

Si moshi wa kupikia ugali, hapana. Moshi kama Mlima Rungwe umekumbuka kwamba zamani ulikuwa volkano. Chini ya moshi chanja za kubanikia, zimepangwa kutoka mdomo wa kijito hadi migombani, na juu ya chanja mbasa, mbasa, mbasa, wamelala kama abiria waliochoka. Kinamama wa vijiji vyote vya ukanda ule wako pale, wanaimba, wanapasua kuni. Wigo umezibwa upya, mianzi mibichi, imara kuliko jela. Na nyuma ya wigo maji yanachemka kwa samaki wanaotaka kupita.

Kile kifua nilichokitoa nikakirudisha ndani.

Bwana Samaki akanigeukia, kofia ameivua. Akauliza: "Hii ndiyo hifadhi?"

Mke wangu alikuwa kando yangu. Nikamnong'oneza, "Wewe, ulimwambia nini mama?"

"Ulichosema! Samaki wahifadhiwe, asipotee hata mmoja, wakubwa wanakuja kuwaangalia." Akanishangaa mimi. "Si umeona? Hakuna aliyeoza."

Ndipo ikanigonga kichwani. Samaki waliohifadhiwa! Hawaozi, hawanuki, hawana funza! Kwa mke wangu, na kwa mama yake, na kwa kila mtu aliyewahi kubeba tenga, kumhifadhi samaki ni kumtia moshi. Kuna namna nyingine gani? Mama wa watu alikuwa amekusanya ukanda mzima kwa ajili yangu, mkwe wake, ili nisiaibike mbele ya wageni.

Na nyuma yangu nikasikia sauti ya mzee mmoja wa huku: "Haya, kila mtu akachukue mianzi yake. Turudishe wigo." Watu wakaanza kugeuka. Kweli kabisa, wakaanza kuondoka.

"Shemeji," nikasema, "vuka ukamwambie mama afungue!"

"Kwa maji haya? Nikifika salama watakuwa wameshabanika na mtumbwi."

"Basi mke wangu, piga kelele wewe."

Akapiga. Sauti ile ya Uyole, ya kufika Chimala, lakini homa iliyomlaza wiki ile ilikuwa imeimaliza. Ikatoka kama ya kifaranga. Na kule wanaimba.

Nikamwona mwanamke mmoja kwenye wigo, ameinama, anakaza mwanzi wa mwisho. Akakohoa. Kikohozi kile, hata ng'ambo ya mto, hata kwenye mvua, nisingekikosea.

Sijui nani alifungua mdomo wangu.

"Mama! Mama mkwe! Fungua wigo! Waache wapite!"

Nyimbo zikakatika. Shemeji akaangusha kafi. "Shemeji," akasema polepole, "umemwita nani?" Mke wangu akajifunika uso kwa mikono miwili. Watu waliokuwa wanaondoka wakasimama pale walipo, mguu mmoja juu. Hata wakubwa wa mkoa, ambao nusu yao walikuwa Wanyakyusa wa Rungwe wenye mwiko uleule, walisahau miamvuli, wakanyeshewa.

Yule mama akainuka. Akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Nikashtuka kuliko moshi, kuliko yote: alikuwa mke wangu mtupu kwa sura! Macho yale, kidevu kile, hata namna ya kuweka mkono kiunoni mtu akikosea. Miaka yote nilimkimbia na kuingia porini, mtu ninayeamka naye kila siku.

"Si ulisema tuwahifadhi?" akapaza sauti, kwa Kiswahili, kumbe anakijua, moja kwa moja kwangu. Hakuna wa kupitisha maneno katikati.

"Kuhifadhi ni kuwaacha, mama! Wakazae!"

"Kuwaacha?" Akatazama chanja, akatazama maji, akanitazama tena. "Sasa mbona hukusema kuwaacha?"

Nikamgeukia mwenye neno lake. Bwana Samaki naye akatazama viatu vyake.

Mama mkwe akashika mwanzi aliokuwa ameukaza, akaung'oa. Akang'oa wa pili. Kinamama wengine wakaingia majini kumsaidia, wigo ukalala, na mbasa wakapita. Usiniulize walikuwa wangapi, maji yenyewe yalikosa nafasi ikabidi yasubiri. Migongo tu, migongo, inapanda kijito. Ndipo akakumbuka anaongea na nani. Akavuta khanga kichwani, akakimbia kuingia migombani, na kinamama wote wakapiga yowe moja la aibu na kicheko.

Nikageuka. Yule mzee wa huku bado amesimama, ameduwaa. "Huyu amemsemesha mama mkwe kwa ajili ya samaki," akawaambia wenzake. "Mianzi acheni."

Nilitozwa mbuzi kwa kuvunja heshima, na khanga ya kumfunika mama uso niliouona. Nikavuka navyo maji yalipopungua. Nikakaa kwenye baraza ileile, mgongo mlangoni, mpole kama mgonjwa. Mke wangu akatoka ndani na sahani. Juu yake mbasa mmoja mkubwa wa moshi, mwekundu, tumbo limejaa mayai.

"Mama anasema, huyu ameshakufa, usimwache. Kula."

Ndani nikasikia kikohozi. Nikainamia sahani haraka, maana sasa kilikuwa na uso, na uso ule, nilijua tu, ulikuwa unacheka.